Marehemu Alituletea Samaki

Kabla hakujapambazuka nilisikia pasi ikiwekwa juu ya kisahani chake. Kti. Kimya kidogo. Kti tena.

Nilijua ni nani. Mwanangu hajawahi kushika pasi tangu azaliwe, na nguo za mkewe huenda kwa dobi. Alikuwa mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na mmoja, amesimama peke yake kwenye mwanga wa jikoni.

"Bibi, wewe lala. Gauni nimemaliza, bado mtandio."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nataka upendeze kwenye boti."

Alipomaliza aliukunja mtandio kama nilivyomfundisha, kona moja imefichwa ndani, akauweka miguuni pangu. Nikageukia ukutani asije akaniona uso.

Kwa wanaonisoma gazetini leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu aibu ikirefushwa sana inaanza kufanana na majivuno.

Mwanangu alikuwa na mke wa kwanza. Aliugua baada ya kujifungua mtoto wa pili, ambaye hakuishi, akapelekwa kwao kutibiwa. Alilala hospitali miezi minane. Mwanangu alichoka kungoja mwezi wa tatu, akaoa mwingine. Na binti yake wa miaka mitatu alipouliza mama yuko wapi, akamjibu kwamba amekufa.

Mtoto akanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Hayo niliyaungama wiki iliyopita. Msomaji mmoja akaandika kuuliza, "Huyu ni bibi wa aina gani?" Msomaji wangu, uliza tena ukishamaliza ya leo. Wiki iliyopita nilikiri nusu tu.

Basi, mwanangu amepata kazi nchi ya mbali. Baada ya wiki mbili wanahama, yeye, mkewe na mtoto. Mimi nabaki. Wakaona waniage kwa heshima, tule chakula cha mchana juu ya mto, kwenye boti ya matembezi.

Mke wa pili mimi humwita Mama Ratiba, ingawa moyoni tu. Hata kwenda kununua chumvi anakupangia dakika. Siku hiyo alikuwa ameipiga chapa karatasi nzima. Saa nne, kupanda. Saa nne na nusu, picha ya familia. Saa sita, chakula. Saa saba, Bibi kufurahia mandhari. Nilitafuta mahali pa kwenda chooni, sikupaona.

"Mama, umeisoma?" mwanangu aliuliza.

"Nimeisoma. Hapa saa saba kama sijafurahi mtanifanyaje?"

"Mama, usianze."

Boti yenyewe ilikuwa ya ghorofa mbili, imepakwa rangi nyeupe juu ya kutu, na kutu ilikuwa inachungulia. Watu walipanda wamevaa kana kwamba wanakwenda kuolewa. Kila mmoja aliupa mto mgongo ili apigwe picha nao. Sijapata kuona watu wanaolipia kuangalia maji halafu wanayageuzia kisogo.

Kulikuwa na kijana wa kutangaza, mimi nikampa jina Spika.

"Mabibi na mabwana, kulia kwenu ni kisiwa cha kihistoria!"

Tukatazama kulia. Kulikuwa na kichaka na mbuzi wawili.

"Historia gani hiyo, baba?" nikamuuliza.

"Bibi, hiyo wataalamu ndio wanaijua."

Nikacheka hadi mwanangu akanikanyaga kiatu. Lakini Spika huyohuyo aliona nimekaa kwenye benchi lisilo na mgongo. Hakuuliza, hakutangaza. Akaenda akarudi na kiti cha nahodha na mto wa kuegemea, akaniwekea upande wa kivuli. Nikaacha kumcheka kwa dakika kama kumi.

Na Mama Ratiba naye nisimnyime haki yake. Jua lilipokuwa kali alivua kofia yake pana, ile aliyoinunua kwa ajili ya picha, akamvisha mtoto. Kila picha ya siku ile alipigwa amekunja sura kwa jua. Nilimwona. Sikumwambia asante, na hilo nalo liingie katika hesabu ya madhambi yangu.

Saa sita kamili, kama ilivyoandikwa, tukaitwa mezani.

Nilikaa, nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha kufutia mikono, na kidole gumba changu kikaingia chenyewe kwenye kona iliyofichwa.

Hapa lazima nieleze. Nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Taa zilikuwa zikizimika kila mara, na wauguzi walihangaika kutafuta ncha ya shuka gizani huku mgonjwa anatetemeka. Nikabuni njia yangu. Kona moja naikunja ndani, naiachia kimfuko, unachomeka gumba, unatikisa mara moja, shuka lote linafunguka. Msimamizi alinigombeza kwamba napoteza muda. Wenzangu hawakujifunza. Nilipostaafu, njia ile niliondoka nayo.

Duniani nimewafundisha watu wawili tu. Mmoja alikuwa amekaa karibu yangu, amevaa kofia ya Mama Ratiba.

Wa pili alikuwa marehemu.

Nikatazama meza ya jirani. Vitambaa sita, kona ndani. Meza ya mbele yake, kona ndani. Boti nzima.

"Mama, mbona umeduwaa?" mwanangu aliuliza bila kuinua macho kwenye simu.

"Nafurahia mandhari."

"Bado, hiyo ni saa saba," akasema Mama Ratiba, na maskini hakuwa anatania.

Ndipo sinia likaja. Kipande cha samaki kisichozidi gumba langu, kimelazwa juu ya jani kama mgonjwa anayesubiri daktari. Juu ya sinia kulikuwa na mikono miwili, na juu ya mikono ile kulikuwa na uso ambao kwa miaka minane tumekuwa tukiusema umeoza ardhini.

Alikuwa amekonda. Mvi zimeanza mbele. Alinitazama mara moja tu. Sahani ziligongana, zikatulia.

"Sisi tuliomba maji yasiyo ya baridi," mwanangu alisema, akimpiga picha samaki.

"Samahani, baba. Nabadilisha sasa hivi."

"Haraka basi."

"Sawa, baba."

Akaleta maji, akamimina. Mwanangu akavuta glasi. Akasema asante kuiambia simu.

Wasomaji wangu, alilala naye kitanda kimoja miaka mitano. Akamzika kwa mdomo miaka minane. Alipomletea samaki hakumjua, kwa sababu mwanangu hatazami uso wa mtu aliyeshika sinia. Nilikuwa nikijiuliza siku zote nimekosea wapi kumlea. Siku hiyo nikapata jibu pamoja na limau.

Mtoto hakuonekana uso. Ameinama, kofia imemfunika hadi puani, anamtenganisha samaki na miiba. Mwanamke yule alimtazama kama unavyomtazama mtoto yeyote, akapita. Nami nikashusha pumzi. Ndiyo, nilishusha pumzi. Nilimwona mama amempita mwanawe bila kumtambua, na kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu.

Nafuu yenyewe haikukaa.

Mjukuu wangu alimaliza kula, akafuta mikono, akakinyoosha kitambaa chake juu ya paja. Akakikunja. Mara moja, mara mbili, kona ndani. Akakiweka kando ya sahani, akaondoka na Mama Ratiba kwenda kupigwa picha ya tatu.

Yule mwanamke akaja kuondoa vyombo. Akachukua sahani ya mwanangu, yangu, ya mtoto. Akachukua kitambaa.

Gumba lake likaingia kwenye kona.

Alisimama hivyo. Wateja hawakunji vitambaa walivyotumia, wanavitupa tu juu ya mchuzi. Akainua macho, hakunitazama mimi. Alitazama mbele ya boti, pale msichana mrefu alipokuwa ameivua kofia na upepo unamchezea nywele.

Kisha akabeba vyombo akaenda zake. Hakuvunja hata kikombe.

"Naenda chooni," nikasema.

Chumba cha vyombo kilikuwa nyuma, chembamba kama kabati, kina sinki, rafu na kapu la vitambaa safi. Alikuwa amesimama hapo anakunja.

"Shikamoo, mama."

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma kama salamu ile.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye."

"Ameambiwa nini kuhusu mimi?"

"Ameambiwa umekufa."

Alikunja vitambaa vitatu kabla ya kusema tena.

"Nilikufa na nini?"

"Homa."

"Homa." Akaguna. "Miezi minane nimeshonwa na kushonuliwa, halafu mnaniua kwa homa. Mngenitafutia japo kitu cha maana."

"Binti yangu..."

"Nilikuja, mama. Nilikuja kwenu nikiwa bado natembelea mkongojo."

"Najua."

"Ukaniambia wamehama, hujui walikokwenda."

"Najua."

"Mimi nikakuamini. Ungekuwa mtu mwingine nisingeamini."

Hiyo ndiyo nusu niliyowaficha wiki iliyopita.

Alikuja asubuhi moja, jasho linamtoka, amejikokota tangu kituoni. Nilisimama mlangoni. Nyuma yangu jikoni mtoto alikuwa anakula uji na kugonga kijiko kwenye kikombe. Nikapandisha sauti ili kijiko kisisikike. Nikamwambia wamehama. Nikampa maji ya kunywa, akanishukuru kwa maji, akaondoka.

Mwanangu hakuwepo. Hakunituma. Wala hajui hadi leo, labda kama anasoma gazeti hili, jambo ambalo nalitilia shaka kwa kuwa halina picha yake.

Mtanisamehe kama nimekuwa nikimcheka mwanangu kurasa zote hizi. Ni rahisi kumcheka yeye. Yeye alisema uwongo kwa uvivu, kwa kuwa kueleza ukweli kungemchosha. Mimi nilisema kwa uchoyo. Nilikuwa nimestaafu, mikono yangu haina kazi, na mtoto yule alikuwa analala ameshika kidole changu. Mtoto mwenye mama hamhitaji bibi saa zote. Ndicho kisa, hakuna kingine.

"Wanamhamisha," nikamwambia. "Baada ya wiki mbili. Mbali."

Mikono yake ikasimama kwa mara ya kwanza.

"Nitamwita sasa hivi," nikasema. "Nitamwambia kila kitu, hapahapa."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Hapa? Mbele ya watu wenye kamera? Mtoto atalia juu ya maji, hana hata pa kukimbilia. Mmemwambia nimekufa bila kumuuliza anajisikiaje. Angalau kufufuka kwangu tumpangie mahali pa kukaa."

Miaka minane ameibiwa, na jambo la kwanza analofikiria ni mtoto akilia atakimbilia wapi. Nikaona nikisema neno nitapiga magoti, na chumba kile hakikuwa na nafasi ya kupiga magoti.

"Nipo hapa kila siku isipokuwa Jumatatu," alisema. "Mlete kabla hawajaondoka. Siulizi mwanao atasema nini. Mlangoni hakusimama mwanao. Ulisimama wewe."

Kabla sijamjibu, mlango ukasukumwa.

"Bibi! Mama anasema saa saba imefika na hujafurahi."

Mjukuu wangu alisimama kizingitini, kofia mkononi. Akaona kapu.

"He! Unakunja kama sisi!"

Yule mwanamke akajishika kwenye sinki.

"Kumbe na nyinyi mnakunja hivi?"

"Kona ndani! Nilidhani ni mimi na bibi tu. Nani alikufundisha?"

Nilingoja. Neno moja tu lingetosha kunimaliza, na nililistahili.

"Mtu mmoja aliyeniuguza mimba yangu ya kwanza," alisema. "Alinipikia, akaniosha miguu ilipovimba. Nikamwomba anifundishe kazi yake."

Ni kweli nilifanya hivyo. Nilikuwa nimesahau. Katika yote aliyoweza kukumbuka, alichagua hilo.

"Nikusaidie?" mtoto aliuliza.

"Kuna kitambaa cha meza kubwa. Kile hakikunjwi na mtu mmoja."

Wakakitandaza katikati yao kwenye ujia, kila mmoja ameshika ncha mbili. Mnaojua kazi hii mnajua kinachofuata. Mnavuta, mnatikisa, halafu mnatembea mmoja kumwendea mwenzake hadi mikono ikutane.

Wakatembea.

Mikono ikakutana. Mwanamke alipaswa kuzipokea ncha na kurudi nyuma. Hakurudi.

"Unatakiwa uchukue," mjukuu wangu akamnong'oneza, kama anamsaidia mtu aliyesahau mstari wake.

"Ndiyo. Samahani, mama. Nachukua."

Wakakunja mara nne. Kitambaa kilipobaki kidogo kama mto wa mtoto, msichana alimpa akasema, "Mikono yako baridi. Bibi ana mafuta mazuri, nitamwambia akuletee."

Huko juu Spika alikuwa anatangaza. "Mabibi na mabwana, kushoto kwenu sasa ni kisiwa cha kihistoria!" Mbuzi walewale. Tulikuwa tunarudi.

Sasa sikilizeni desturi ya boti ile. Ikifika gatini, wahudumu wote husimama kwenye ngazi ya kushukia. Kila abiria hushikwa mkono na mhudumu wa meza yake, na kila mmoja huambiwa maneno yaleyale, karibuni tena, mtutembelee tena. Nahodha husimama kando kuhakikisha hakuna aliyeyaruka.

Mama Ratiba alishuka wa kwanza. "Asante, dada. Umetuhudumia vizuri," akamwambia, akimtazama usoni. Nimeandika hili kwa sababu lilitokea.

Akafuata mwanangu. Mkono mmoja simu, mkono mmoja akampa yule mwanamke kama anavyoshika chuma cha ngazi.

"Karibuni tena, mtutembelee tena."

Akashuka hatua. Mkono haukuachiwa. Akavuta. Haukuachiwa. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu saa nne asubuhi, mwanangu akainua macho.

Simu ikamponyoka. Ikagonga ngazi, ikagonga ubao, ikaenda zake mtoni na picha zote mia mbili na samaki wake.

"Wewe una nini?" Mama Ratiba alimwita kutoka chini.

"Hakuna. Ngazi... ngazi inateleza."

Ngazi ilikuwa kavu kama mkate wa jana.

Akanigeukia mimi, midomo imebadilika rangi. "Mama. Ulijua?"

"Shuka, unazuia watu."

Mtoto alikuwa nyuma yake. Akampa yule mwanamke mkono kwa hiari, mkono mzima.

"Karibu tena," alisema yule mwanamke. Sauti ilikuwa ya kazini, ila macho hayakuwa ya kazini. "Uje unitembelee. Kuna vitambaa vingi."

"Lini?"

"Siku yoyote isipokuwa Jumatatu."

Msichana akahesabu kwa vidole. "Bibi, kesho si Jumatatu!"

"Hakuna kesho," mwanangu akasema kwa haraka, akimvuta bega. "Tunafunga mizigo. Hakuna kurudi hapa. Mama, teremka, twende."

Nilikuwa wa mwisho. Nilitoa mkono wangu, mkavu, umeungua na mvuke wa pasi miaka thelathini na mmoja. Akaushika kwa mikono yake miwili. Gumba lake likaingia katikati ya kiganja changu, kama mtu anayetafuta ncha gizani.

Nahodha alikuwa anatazama. Mwanangu alikuwa anatazama. Mtoto alikuwa ananingoja chini, vidole vyake bado vimesimama kwenye hesabu.

"Karibu tena, mama," akaniambia. "Safari hii usije peke yako."